Jinsi Bwana Alivyonifumbua Macho kwa Mguu wa Kaka Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asiyeitika nitajua hajanywa uji, na aliyeitika kwa sauti ndogo nitajua amekunywa peke yake akawanyima wenzake.

Nianze kwa kuungama. Mimi Zakaria, seremala wa hapa Manga, niliwahi kuamini kwa moyo wangu wote kwamba wazimu hula magonjwa mengine. Ndiyo, huyala! Nilielezwa hivi, nami nikawaeleza wengine: wazimu ukiingia mwilini mwa mtu ni kama mbwa mkali aliyeletwa bomani. Mbwa wengine wote hukimbia. Malaria ikija inanusa, inarudi ilikotoka. Kikohozi kinapita kando. Mbu akimuuma mwendawazimu, mbu huyo huanza kuruka kinyumenyume, akajigonga ukutani akafa. Pale sokoni Mosocho kuna mtu aliyeapa kwamba alimwona mbu wa namna hiyo kwa macho yake, na mimi sikumuuliza alimtambuaje. Na baridi je? Mwendawazimu hasikii baridi! Damu yake huchemka mchana na usiku, hata mvua ya mawe ikimwangukia inayeyuka kabla haijagusa bega. Nilikuwa mtu mzima, ndugu zangu, nina mke na watoto wawili na msumeno wangu mwenyewe, na niliyaamini haya kama ninavyoamini kwamba leo ni Sabato.

Ninaposema mwendawazimu simsemi mtu wa mbali. Namsema Momanyi, kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama yetu Kwamboka.

Ah, Momanyi wa zamani zile! Ninyi vijana mnaopanda chai hata mlangoni mwa jikoni hamkuona Manga ya wakati huo. Mgongo wote wa kilima ulikuwa mashamba ya wimbi, mwekundu kama zulia la mfalme, na wakati wa kuvuna Momanyi alikuwa akitangulia kwenye mstari. Wengine wakikata suke moja, yeye kikapu kimejaa. Mimi nilikuwa mdogo, na alinivusha mto mabegani siku za mvua, akijifanya anateleza ili nipige kelele. Jioni alikaa nje ya nyumba ya mama na obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane, akakipiga taratibu. Sauti yake nzito ilikuwa haisikiki kwa sikio, ilisikika kwa tumbo. Naapa ng'ombe waliacha kucheua. Mpaka leo nikisikia obokano mahali, mkono wangu unashika ukuta wenyewe.

Ugonjwa ulimjia polepole, mwaka mmoja wa mavuno mengi. Alianza kuongea na watu tusiowaona. Kwanza tulidhani anatunga wimbo. Kisha siku moja akazikata nyuzi zote nane za obokano, akasema zinamsengenya. Mama aliziokota moja moja akazifunga kwenye kitambaa. Miezi ikapita, akawa anatoka bila nguo, akawa anarusha mawe. Siku alipochoma ghala la wimbi la jirani, wazee walikaa wakasema: afungwe gogo.

Na gogo hilo, ndugu zangu, nililitengeneza mimi.

Wazee wenzangu wanalijua, lakini nawaeleza vijana. Ni kipande cha mti kizito, kimetobolewa tundu. Mguu unapitishwa tunduni, kisha kigingi kinapigwa juu ya kifundo usiweze kutoka. Mtu anaweza kukaa, anaweza kulala, hawezi kwenda. Nililitoboa tundu lile kwa keekee yangu mpya, nikalipanua kwa patasi, nikalisugua likawa laini kama yai. Watu walikuja kulitazama. Nilisifiwa! Nikajiona nimemtendea kaka yangu wema, kwa maana magogo ya wengine yalikuwa na vibanzi.

Akawekwa kwenye kibanda nyuma ya ghala letu. Vita vikaja, vikaisha. Mimi nikaokoka, nikabatizwa mtoni kwenye maji ya baridi kiasi kwamba mchungaji aliyatamka maneno kwa haraka. Nikajiunga na masomo ya usiku chini ya taa ya chemli, na baada ya miaka mitatu nikahitimu. Nilijua Kiswahili chote isipokuwa labda maneno mawili. Kilima kizima hakuna aliyekuwa mbele yangu. Mbuzi wangu nilimsemesha kwa Kiswahili sanifu, naye aliniheshimu. Wakaniita Mwalimu.

Kila robo ya mwaka, kabla ya meza ya Bwana, sisi huoshana miguu, mnajua. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye beseni. Nimeosha miguu ya wazee, ya maskini, ya wageni. Nimewahi kuosha miguu ya mtu aliyeniibia randa, tena nikijua ameniibia! Nikarudi nyumbani nimejaa baraka, nikapita mbele ya kile kibanda, nikaingia ndani kula.

Nisiwafiche na habari ya blanketi. Mama alimpelekea Momanyi blanketi la kijivu. Akalitupa nje. Mama akamrudishia, akalitupa tena. Mara ya tatu alilitupa mbali zaidi na mama akalia. Nikamwambia, "Mama, umeona? Hasikii baridi. Ni damu." Blanketi zuri kama lile kukaa kwenye umande! Nikalichukua mimi. Na tangu siku ile nikaanza kujikuna. Nilijikuna mgongo, nilijikuna kwapa, nilijikuna hata kanisani wakati wa sala ndefu, kwa muda wa miezi mitatu. Nikaogopa sana, nikadhani ni wazimu unanitafuta mahali pa kuingilia. Nikalichoma moto blanketi lile, nikamshukuru Mungu.

Basi mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa kuliko za Nuhu. Katikati ya mvua hizo Momanyi akaanza kelele. Alizoea kelele, lakini hizi zilikuwa nyingine. "Kinanila!" alipiga kelele. "Kuna kitu kinanila!" Mchana kutwa, siku ya tano, siku ya saba, siku ya kumi. Sisi tukasema wazimu umepanda. Tulimwombea kwa mbali, tumesimama kwenye ghala.

Baba mdogo wetu, mzee Ondieki, ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho bomani tangu baba yetu afariki. Alikuwa mzee mfupi, mkali, mwenye maneno. Akasema, "Ninyi watu wa vitabu mmeimba mpaka mmekauka. Kelele zinatoka kichwani. Kesho apelekwe kwa omobari." Omobari ni fundi wa kichwa, anayepasua ngozi na kuukwangua mfupa wa fuvu polepole mpaka maumivu yatoke. Sisi Abagusii tuna mafundi hao tangu kale, na wamewasaidia wengi waliopigwa rungu. Siwatukani. Huyo tuliyemtaka alikaa mbele ya Magwagwa.

Asubuhi tuling'oa kigingi, tukamtoa Momanyi kwenye gogo. Mama alishika mkono wangu. "Zakaria," akasema, "wewe ndiye uliyesoma. Usinirudishie maiti." Maneno hayo tu, akaingia ndani.

Tulikuwa wanaume wanne kwenye machela, mzee Ondieki mbele na fimbo yake. Machela niliitengeneza mimi, na ingeweza kubeba kifaru. Nilijiandaa kuinua uzito wa Momanyi ninayemkumbuka, yule wa mavunoni. Nikainua, nusura machela iruke juu. Alikuwa mwepesi kama kikapu cha manyoya. Sikujiuliza kwa nini. Nilifurahi, njia ilikuwa na utelezi.

Tukafika sokoni Magwagwa, tukaweka machela chini kwenye kivuli cha duka tupumzike. Kwenye veranda ya duka lile akina mama walikuwa wamepanga foleni na watoto wao, wanachanjwa ndui. Anayechanja alikuwa Sista Akinyi, muuguzi wa hospitali ya misheni, dada mrefu wa watu wa ziwani, gauni jeupe na viatu vyeupe vyenye matope mpaka kwenye kamba. Ekegusii, lugha yetu, hakujua ila salamu. Kelele za Momanyi zikamfikia. Akaweka sindano yake, akashuka.

"Hamjambo, wazee. Mgonjwa wenu ana nini?"

Hapo nikajitokeza, nikatoa Kiswahili cha cheti. "Hatujambo, Sista. Mgonjwa huyu ana wazimu. Wazimu wa miaka mingi."

Akainama, akainua shuka upande wa miguu. Wenzangu wakageuza nyuso. Yeye hakugeuza.

"Na wazimu wenyewe," akasema, "umeingilia kwenye kifundo cha mguu?"

Akina mama kwenye foleni wakacheka. Nikacheka nami, nikidhani ni mzaha. "Hapo ni gogo tu, Sista. Hasikii. Watu wa namna hii hawasikii."

"Nani amekwambia hasikii?"

"Inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

Ndugu zangu, katika miaka mitatu ya masomo ya usiku hawakunifundisha jibu la swali hilo!

Akachuchumaa kwenye matope karibu na kichwa cha Momanyi. "Muulize anaumwa wapi."

"Haumwi, Sista, anapiga kelele tu."

"Sikukuuliza wewe. Wewe una miguu miwili mizima. Muulize yeye."

Katika miaka yote ile nilikuwa nimemwambia Momanyi mambo mengi. Kula. Nyamaza. Rudi nyuma. Usitupe sahani. Lakini kumuuliza? Nilitafuta kichwani swali hata moja nililowahi kumuuliza tangu siku ya gogo, sikuliona. Nikapiga magoti, nikasema kwa lugha ya nyumbani, "Momanyi, unaumwa wapi?"

Kelele zikakatika. Akanitazama. Kisha akageuka upande wa pili, ambako hapakuwa na mtu, akamwambia huyo asiyekuwapo, "Ngoja kidogo, naongea na mdogo wangu." Akanirudia. "Mguu," akasema. "Na hapa," akagusa ubavu, "nikivuta pumzi. Na jino la nyuma. Hilo la tangu zamani."

"Anasemaje?" akauliza Sista.

Kiswahili chote kikanitoka. Yale maneno mawili nisiyoyajua yaliondoka na yale mengine yote. "Anasema... mguu."

"Na nini tena? Amesema mengi kuliko hayo."

Nikamwambia na ubavu, nikamwambia na jino. Akaweka kipimajoto kwapani mwa Momanyi, na Momanyi akatulia kama mtoto anayenyolewa. Sista akakisoma, akakitikisa, akakisoma tena. "Ana homa kali sana. Mguu umeoza, na sumu yake inaingia kwenye damu. Kifua nacho kimeshikwa. Kelele hizi mnazosema za wazimu ni za homa. Mnampeleka wapi?"

Nikamwambia kwa fundi wa kichwa.

"Mkamkwangue kichwa akiwa hivi? Mtarudi na maiti."

Alisema neno lile lile la mama!

Mzee Ondieki alikuwa amechoka kungoja. "Mwambie huyu binti wa ziwani," akaniambia, "tumetembea tangu alfajiri, fundi anatungoja, na kichwa ni chetu."

Nikatafsiri. Sista akamwinamia mzee kwa adabu kabisa. "Mwambie mzee, kichwa ni chenu, mimi sikitaki. Mnipe mguu na kifua. Nikimaliza navyo, kichwa mtakikuta mahali pake."

Niliponena hivyo kwa lugha yetu, mzee alibana midomo asicheke, ikashindikana. "Na akimng'ata?"

"Mwambie nina kaka wanne," akasema Sista. "Nimeng'atwa sana."

Lakini kucheka si kukubali. Mzee aliinua fimbo kuelekea kwa fundi, wenzangu wakaanza kushika machela. Macho yao wote kwangu, kwa kuwa mpini wa mbele kulia ulikuwa wangu. Mimi sijawahi kumpinga mzee Ondieki, hata alipouza dume langu bila kuniuliza. Moyoni nikamwona mama, vile alivyoingia mlangoni asubuhi. Nikasema, "Baba mdogo, nisamehe. Mpini huu unaenda hospitali." Nikaketi chini juu yake. Na mwili wangu wa wakati ule, ndugu zangu, haukuwa wa kuhamishwa na watu watatu!

Mzee alitema mate, akasema, "Akifa, ni wewe utakayemwambia mama yako." Akaondoka kwa miguu kurudi Manga, peke yake, mvua ikianza.

Sista alimaliza watoto watatu waliobaki, tukapanda gari lililomleta, Momanyi katikati yetu. Hospitalini msaidizi mmoja alisimama mlangoni. "Sista, wa namna hii si wa hapa. Hupelekwa Nairobi."

"Kitanda cha wazimu sina," akasema Sista. "Kitanda cha mguu ninacho, cha tatu kutoka dirishani. Pisha."

Kisha akaleta beseni lenye maji ya dawa ya zambarau, akaliweka sakafuni mbele yangu. Mimi nikasogea kando nimpishe. Akanitazama. "Nimesikia ninyi kanisani kwenu huoshana miguu."

"Ndiyo, Sista. Kila robo ya mwaka."

"Basi leo ni robo."

Nikapiga magoti. Ndugu zangu, nisieleze yote, kuna watoto. Funza walikuwa wamejenga mji mzima kwenye vidole vyake, kucha nyingine hakuna. Lakini si hao walionivunja. Juu kidogo, kifundoni, palikuwa na kidonda kimezunguka mguu wote kama pete. Pete ya duara safi, kingo zimenyooka, haina kibanzi. Niliitambua. Ile ilikuwa kazi yangu! Ni tundu langu lile lile lililosifiwa, limechongwa kwenye nyama ya kaka yangu. Nikaingiza mguu ule majini, machozi yangu yakaingia nayo, na maji yakachafuka na kuchafuka, Sista akayabadilisha mara nne.

"Polepole, Zakaria," akasema Momanyi.

Jina langu! Sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu kabla ya vita. Pale ndipo Bwana aliponishika, ndugu zangu. Si mtoni kwenye maji baridi. Pale sakafuni.

Msidhani alipona siku hiyo. Alichomwa sindano asubuhi na jioni mpaka nikawa naumwa makalio kwa niaba yake. Siku ya tatu pumzi ilikuwa ikikwama kifuani kama msumeno kwenye ubao mbichi, na Sista hakunidanganya. Akasema, "Sijui. Tungoje." Mama akaja kwa miguu kutoka Manga na kibuyu cha uji wa wimbi na mboga ya chinsaga kwenye jani la mgomba. Akakaa kitandani akamlisha kijiko kimoja kimoja, na Momanyi akimpa kila mara mtu wake asiyeonekana zamu yake ya kuonja, na mama akingoja amalize. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko la hospitali kuomba. Nilikuwa mtu wa maombi marefu, mnanijua. Siku hiyo niliomba maneno manne: Bwana, usinihesabie gogo lile.

Siku ya tano homa ikashuka. Akaomba ndizi. Akaomba nyingine. Haleluya! Jino likang'olewa, lilikuwa bovu mpaka mzizi, na alipolitoa Sista akanionyesha. "Miaka mingapi amekula na hili?" Akapewa dawa ya minyoo, na matokeo yake sitayasimulia mbele ya watu wanaokwenda kula.

Siku ya kutoka Sista alinikalisha. "Akizidisha kelele tena, usianze na mapepo. Anza na kiganja chako, kiweke kwenye paji la uso wake. Mtazame miguu na kinywa. Muulize. Ale chungu kimoja na ninyi. Miguu aoshwe kila siku, na kila mwezi apimwe uzito, uniandikie, maana najua unapenda kuandika."

"Na wazimu wenyewe, Sista?"

"Dawa ya huo sina. Huenda ikaja siku moja. Nataka ikija, imkute yuko hai."

Nililipasua gogo lile siku niliyofika. Kipande chake kikawa kigoda, na ndicho Momanyi anachokalia mpaka leo anapooshwa miguu. Viberiti mama alivificha kifuani, na mmoja wetu alikaa karibu naye kila siku kwa zamu. Uzito tulimpimia kwenye kiwanda cha kahawa, juu ya mizani ya magunia, kwa kuwa nyingine haikuwapo karibu. Karani alikuwa na mdomo. "Mwalimu, huyu umeleta gredi gani? Hii ni buni tupu, kahawa ya mwisho kabisa!" Mwezi wa pili, "Buni imeanza kunenepa." Mwezi wa sita alimtazama Momanyi, akatazama mshale wa mizani, akasema, "Mzee, shuka, utanivunjia." Momanyi alicheka! Nilimwandikia Sista barua ya kurasa nne juu ya kicheko kile.

Hata mzee Ondieki alikuja mwishowe. Alisimama kwenye boma akamzunguka Momanyi kama anayenunua ng'ombe, akatazama mguu kwanza, kisha kichwa. "Kichwa bado kipo," akasema. Akaketi akaomba uji.

Na robo ilipofika, kanisani, wanaume wakichagua wenzao wa kuoshana miguu, mimi sikuangaza macho. Nilimshika mkono Momanyi. Naye alipomaliza kuoshwa akachukua beseni, akaniosha yangu, akiongea na yule mwenzake wakati wote, na nadhani mwenzake yule alisaidia kukausha.

Ndugu zangu, sisimami hapa kusema Momanyi amepona kichwa. Bado anawasikia. Kuna miezi mibaya. Lakini mama alizifungua zile nyuzi nane kutoka kwenye kitambaa, mimi nikaunda mwili mpya wa obokano, na jioni nyingine, si zote, anapiga. Mwenzenu nashika ukuta. Namshukuru Mungu kwa mikono ya Sista Akinyi, iliyomgusa mtu ambaye mimi ndugu yake, mwenye cheti, mwenye ubatizo, sikumgusa. Kama nyumbani kwako kuna mtu nyuma ya ghala, mwamini Bwana, umwendee leo. Usimwendee na hotuba. Mwendee na beseni na swali moja, kisha nyamaza umsikie. Wauguzi wapo, na hawatakuuliza kwa nini umechelewa. Mimi hawakuniuliza.

Ushuhuda huu nimeutoa mara nyingi, na kila mara nikifika kwenye yule mbu na ile baridi watu hucheka mpaka viti vinalia. Nami nilikuwa nikiongeza: "Ya mbu ni uongo, lakini ya baridi, ndugu zangu, ile niliiona mwenyewe, blanketi alilitupa mara tatu!" Mwezi wa saba uliopita niliusema tena hivyo. Tukarudi nyumbani ukungu umeshuka mpaka mlangoni, Momanyi amevaa koti langu zito, amefunga vifungo vyote hadi shingoni. Nikamletea kigoda na maji ya moto. Akatia miguu majini. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia:

"Zakaria, baridi nilikuwa naisikia. Kila siku. Blanketi lilikuwa na chawa."